Nimelipwa, Ila Shangazi Asisikie

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Kalamu nzuri. Kalamu hii mpya inateleza kwenye karatasi kama sabuni kwenye sakafu ya bafu, wino haukwami, mkono hauchoki. Haya, tuje kwenye mabaya.

Dada wa Mikataba kapiga simu. Huyu ndiye anayetusimamia sisi tunaosifia mito ya kulalia ya kampuni yao mtandaoni. Ana sauti ya upole, ule upole wa daktari wa meno kabla hajakuambia fungua mdomo. Kasema, kaka, video zako nzuri, watu wanacheka, watu wanabonyeza kiungo na kununua, ila hakuna hata moja unaposema kwamba tunakulipa. Nikamwambia watu wenyewe wanajua. Akauliza wanajuaje. Nikasema wanahisi. Akasema kuhisi hakutoshi. Kuanzia leo kila video iseme waziwazi kwamba nimelipwa, na kwamba mtu akinunua kupitia kiungo changu napata kamisheni. Jumapili ataamua kama mkataba wangu unaendelea au unakufa.

Kwa mtu mwingine hilo jambo dogo. Mtu mwingine haishi kwa shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni karakana yake. Chumba cha nyuma nalala mimi, bure, tangu biashara yangu ya kukodisha viti ilipovunjika pamoja na viti. Sharti lake ni moja tu: humu ndani halali mwongo. Na si maneno matupu. Mpangaji aliyekuwepo kabla yangu alikana kuunguza shuka kwa pasi, na alama ya pasi ikiwa pale pale, ncha yake na matundu yake ya mvuke. Jioni ile ile godoro lake lilikuwa barabarani, na yeye juu yake.

Sasa huyu Shangazi anaamini nasifia vitu kwa sababu vimenigusa moyo. Huwaambia wateja: mtoto wa kaka yangu hasifii ovyo, akisema kitu kizuri, wewe kanunue ukiwa umefumba macho. Nimemwacha aamini. Sikumwambia uwongo. Hajaniuliza.

Nimetembea chumbani, ukutani hadi mlangoni, mlangoni hadi ukutani, mpaka Shangazi akaniuliza kutoka ng'ambo kama nimepata kazi ya kupima kapeti. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Kisha wazo likanijia!

Shangazi hatazami video zangu. Anazisikiliza. Simu huiegemeza kwenye kopo la vifungo, macho yake hubaki kwenye sindano, maana sindano haina huruma na kidole. Dada wa Mikataba anatazama.

Basi nitaandika, sitatamka. Mmoja ataona, mwingine hatasikia. Jamani, kichwa hiki! Wangekikodi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepakia video mpya ya mto wa shingo. Nimesema nimeulalia mwezi mzima na shingo yangu imezaliwa upya. (Nalalia koti langu, nimelikunja. Mto nilimpa Shangazi kama zawadi. Shangazi akamsifia rafiki yake, Mwalimu Mstaafu. Mwalimu akanunua wake.) Maandishi nimeyaweka: "tangazo la kulipwa". Yako mwisho kabisa wa maelezo, chini ya "soma zaidi", katikati ya alama za reli (#). Usingizi, shingo, furaha, familia, asubuhi njema, tangazo la kulipwa, baraka tele.

Chai yangu haijapoa, Dada kapiga. Kasema ameyatafuta maandishi yale kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka kwenye gunia la pamba. Yeye analipwa kutafuta. Mtazamaji wa kawaida hatafuti, hafunui, anapita zake.

Nikapakia upya, safari hii maandishi juu ya picha yenyewe. Rangi ya maziwa. Juu ya mto mweupe. Kapiga tena, kauliza kama ni skrini yake ina hitilafu au ni mimi.

Jaribio lingine: "Asante kampuni ya mito kwa upendo wenu." Akacheka kicheko kifupi, cha puani. Kasema hata yeye humshukuru dereva akishuka, haina maana dereva kamlipa. Nikapendekeza "ushirikiano". Akauliza ushirikiano wa nini, kwani tunalima pamoja? Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia isitoshe, mto wa kwanza hamkunilipa chochote, mlinipa tu. Akasema kupewa ndiyo kulipwa, kaka. Kitu ukikipokea ili ukisifie, umeshalipwa.

Sikubaliani. Kupewa ni kupewa. Lakini nilinyamaza, kwa heshima, na kwa sababu alikuwa ameshakata simu.

Na asiniulize mtu kuhusu Msusi.

Haya, Msusi. Ana saluni ng'ambo ya barabara ya nyuma, dirisha lake linatazama langu, na ana ukurasa kama mimi. Kila video anaianza kwa kupiga makofi: "Mafuta haya nimelipwa kuyasifia, jamani, msije mkasema sikuwaambia! Sasa sikilizeni mazuri yake, halafu mabaya yake." Mabaya yake! Mtu kalipwa, anataja mabaya! Na watu wanampenda. Wafuasi wake wanaongezeka kila nikichungulia, na nachungulia sana. Leo kanisalimia kutoka dirishani, pini za nywele mdomoni, kaniambia eti nasikia siku hizi unaandika kwa maziwa, balozi. Nani kamwambia? Nimefunga pazia. Nimelifungua. Bado alikuwepo.

Mchana kaja Mwalimu Mstaafu kuchukua sketi yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama kalenda ya ukutani. Shingo haigeuki. Tangu alalie mto ule, akitaka kukuona lazima ajigeuze mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Shangazi akamwambia vumilia, mwenzangu, mto mpya lazima upigane na mtu kwanza, mbona mtoto wa kaka yangu kaulalia mwezi mzima na huyo hapo, shingo yake kama ya twiga. Mwalimu akaanza kujigeuza anione. Kabla hajafika nikakumbuka nina shughuli uani.

Ili siku isipotee, nimepakia kiungo kingine kabisa. Mota ya cherehani isiyo na kelele. Nimeikuta kwenye orodha ya vitu vyenye kamisheni nono. Sijaiona kwa macho, lakini nimesema imenipa raha ya masikio na amani ya moyo. Hapo sikutangaza chochote. Dada ni wa mito. Mota si mto.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na roho juu juu. Nikaamua: yaishe. Maneno NIMELIPWA KUTENGENEZA VIDEO HII, herufi nyeusi, kubwa kama za bango la nyumba inayouzwa, mwanzoni kabisa mwa video. Mdomoni sikusema kitu, nikatabasamu tu huku maneno yakipita kifuani kwangu.

Shangazi akaicheza akitunga uzi sindanoni. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema safi, ila mwanzoni umenyamaza mno, nilidhani umezimia.

Dada naye kapiga. Nikapokea nikiwa nimeshasimama kushangilia. Kasema hongera, maandishi yanasomeka. Kisha akasema "ila". Naichukia "ila" ya yule dada. Ila, kaka, sifa unazitoa kwa mdomo, basi na malipo uyatamke kwa mdomo. Wako watu wengi wanaosikiliza bila kutazama, mikono yao ina kazi. Fundi cherehani, kwa mfano.

Nikaangusha simu. Nikaiokota. Nikachungulia chini ya meza, kwa kweli sijui nilitarajia kumkuta nani. Kati ya kazi zote za dunia, kwa nini fundi cherehani? Kwa nini si mwashi? Akaendelea: iwe mwanzoni, useme polepole, kama unamwelekeza mgeni njia.

Nikatoka. Nikaenda hadi kona, nikarudi. Nikaenda tena. Muuza magazeti akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia usingizi. Akaniambia nasikia kuna mto.

Suluhisho lilikuwa linanisubiri nyumbani, tena likinguruma. Cherehani ya Shangazi! Ni ya chuma, alirithi kwa mama yake, na ikianza kushona ni kama lori bovu linalopanda mlima na mzigo wa masufuria. Na Shangazi ana mpangilio wake ambao hajawahi kuubadili: anabonyeza kucheza video, papo hapo anakanyaga pedali. Mshono wa kwanza ni mrefu, hasa wiki hii anashona mapazia ya ofisi. Video zangu zote mwanzo wake huliwa na lile lori. Ndiyo maana leo kimya kilimshangaza: uzi ulikuwa umekatika, lori halikunguruma.

Sasa jipange uone. Dada anataka maneno yawe mwanzoni. Mwanzoni ndipo Shangazi hasikii. Nitatamka kila kitu, waziwazi, polepole, kwa Kiswahili fasaha, katikati ya ngurumo. Sitamdanganya mtu yeyote. Mashine ndiyo itakayomdanganya.

Kuna doa dogo la wino hapa pembeni. Ni mkono wangu. Si kalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimerekodi asubuhi, pazia limefungwa. "Habari zenu. Video hii nimelipwa na kampuni ya mito. Mkinunua kupitia kiungo changu, mimi napata kamisheni." Nilisema taratibu, kila neno na kiti chake. Mpaka nikajisikia msafi, kama mtu aliyetoka kuoga. Kisha nikaendelea na mwezi mzima na twiga.

Nikajibanza nyuma ya mlango wa karakana. Shangazi akabonyeza. Akakanyaga. Lori likapanda mlima. Liliposhuka, mimi nilikuwa tayari nimeshazaliwa upya shingo. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema peke yake, huyu mtoto anaongea vizuri, sijui karithi wapi.

Dada kaandika: "Safi sana, kaka. Hivi ndivyo." Nimeusoma ujumbe ule nikiwa nimekaa, nimesimama na nimepanda kitandani.

Nimecheza uani, peke yangu, bila muziki. Msusi kaniona kutoka dirishani kwake. Kauliza kwa sauti kama nimekanyaga moto. Nimemwambia ajiandae kisaikolojia.

Na kama hiyo haitoshi, jioni simu imelia: mtu kanunua ile mota isiyo na kelele kupitia kiungo changu! Sijui ni nani. Orodha haionyeshi majina. Mungu ambariki popote alipo, yeye na masikio yake. Kalamu nayo, jamani! Kama kupaka siagi.

Ijumaa, 7 Machi

Yule mnunuzi yupo chumba cha mbele.

Mwenye pikipiki kaleta boksi. Nikatoka kulipokea nikidhani ni mito mingine. Juu yake picha ya mota. Jina la Shangazi. Nikamwambia kwa upole amekosea nyumba. Shangazi akatokea nyuma yangu na futi yake shingoni, akasema hajakosea, weka hapo, mwanangu.

Kisha akaniangalia kwa mapenzi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, yale mapenzi. Akasema wewe mwenyewe ulisema ina raha ya masikio na amani ya moyo. Akaendelea: kama wewe usiyeshona imekupa amani, mimi ninayekaa nayo kutwa je?

Nikasema mashine ya bibi ina historia. Akasema historia haimzibii mtu masikio. Nikasema mota hizi nasikia zinaungua. Akauliza umesikia wapi, mbona kwenye video hukusema? Nikasema umeme wenyewe wa kubahatisha. Akauliza kama nina homa.

Fundi umeme kaja mchana. Nikamshikia tochi, nikiwa na nia mbaya, nikaielekeza pembeni. Akasema kaka, nashukuru, lakini kuna jua. Nikaificha bisibisi yake. Akatoa nyingine. Watu wa aina hii wanaharibu nchi.

Saa chache baadaye imefungwa. Shangazi akakanyaga. Nikasubiri ngurumo. Hakuna. Sindano inapanda na kushuka kimya kama paka anayetembea juu ya zulia. Nimesikia nzi dirishani. Nimesikia moyo wangu. Shangazi alitoa chozi, akasema miaka yote hii, kumbe mtaa una ndege.

Hakuna video aliyocheza leo. Alikuwa anasikiliza ndege. Kesho Mwalimu na Msusi wanakuja kujaribisha nguo zao. Nimemwomba Dada aniruhusu nifute video ya jana. Kauliza kwa nini, mbona ndiyo nzuri kuliko zote? Nikasema mtandao unakatika, nikakata mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejiandaa vizuri. Sufuria mbili. Kifuniko. Kikohozi nilichokifanyia mazoezi tangu kuamka.

Karakana ilijaa. Msusi alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini. Mwalimu amekaa, anatazama kabati, maana ndiko alikoelekezwa. Shangazi akasema njooni muone mashine haipigi kelele kabisa, hata mtoto wangu atasikika tangu salamu. Akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Akabonyeza. Akakanyaga.

Nikakohoa. Nikapiga sufuria. Nikaangusha kifuniko, kikazunguka sakafuni muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha kikalala, na kilipolala tu, sauti yangu ikaanza kunena, polepole, kama namwelekeza mgeni njia. Nimelipwa na kampuni ya mito. Napata kamisheni.

Mguu wa Shangazi ukatoka kwenye pedali. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Sasa hata mimi sikuwa na kikohozi.

Akauliza taratibu, "Na mota?"

Nikasema na mota.

"Na huo mto wa Mwalimu?"

Nikasema kidogo.

"Mwezi mzima umeulalia wapi, na mto uko kitandani kwangu?"

Mwalimu akaanza kujigeuza. Mabega kwanza, kisha kiti, kisha yeye. Safari hii sikuwa na shughuli uani. Msusi alikuwa amesimama mlangoni na kigoda chake.

Nilitegemea kelele. Kelele ningeziweza. Shangazi hakupaza sauti. Alichomoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kidoleni. Akasema, "Kulipwa si kosa. Hata mimi nalipwa. Nikimwambia mteja kitambaa hiki hakichuji, anajua nakiuza, kwa hiyo anakivuta, anakinusa, anakitazama juani, anaamua mwenyewe. Mwalimu hakuvuta kitu. Kwa nini? Kwa sababu nilimwambia mimi. Umeuza kwa mdomo wangu, na mdomo wenyewe hujauomba."

Nikasema, Shangazi, nilitangaza, si umesikia, nimetangaza wazi kabisa.

Akasema, "Ulitangaza nikiwa nakanyaga."

Kumbe anajijua kuliko ninavyomjua. Nikatazama barabarani, nikaona pale godoro litakapokaa. Kuna kivuli kizuri hadi mchana.

Hakulitoa. Alisema kitu kibaya zaidi: kaa hapa katikati, tutengeneze video nyingine, sasa hivi, ya kweli. Msusi eti kwa bahati tu alikuwa na kile kijiti cha kusimamishia simu kwenye mkoba. Kwa bahati! Akarekodi na pini zake mwilini, na kwa furaha hakusikia hata moja ikimchoma.

Nikaanza: Habari zenu. Shangazi akaingilia kati. "Subiri. Huyu kalipwa. Mimi sikulipwa. Mwalimu ndiye aliyelipa, muoneni shingo. Kwa shingo nyembamba mto huu ni mgumu, msidanganyike. Huyu anayesema kaulalia, hajaulalia." Kisha akaenda kuuleta wa kwake, akaugeuza, akauweka kwenye kiti cha cherehani, akaukalia, akatulia kidogo. Uso wake ukabadilika. "Ila kwa kukalia," akasema, "kwa mtu anayekaa kutwa, hapa sina la kusema."

Mwalimu naye akajaribu. Akasema kiuno kimesikia. Akauliza kama shingo inaweza kusubiri.

Nimemrudishia Mwalimu pesa yake mbele ya wote. Msusi akarekodi na hilo pia.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya hukumu. Sikuweza kukaa. Nimefagia uani. Nimefagia nilipokwisha kufagia.

Video ya Shangazi imeenea kama moto wa nyasi. Madereva wanaitumiana. Makarani wanaitumiana. Mtu mmoja kaandika kwamba ana shingo nene, je, inamhusu? Watu wananunua mto wa shingo ili waukalie.

Dada kapiga. Nilimpokea na hotuba tayari, yenye majuto mwanzoni na ahadi mwishoni. Nikafika kwenye majuto. Akasema samahani kaka, naomba kuongea na mama mwenye kiti.

Nikasikiliza nyuma ya mlango, mahali pangu pa kazi siku hizi. Mkataba wangu umekufa. Wanamtaka Shangazi awe balozi wao. Shangazi akasema atakubali, ila kila mara ataanza kwa kusema amelipwa, kisha ataje mazuri, kisha ataje mabaya, na siku mto ukichakaa atawaonyesha watu ulivyochakaa. Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Anaharibu! Dada akasema kwenye spika ya simu, mama, hicho ndicho tumekuwa tukikiomba kwa watu wote.

Msusi amepata kazi ya kurekodi. Mimi nimepewa kushika mwavuli wa kuzuia jua lisiingie kwenye picha. Nimekubali, kwa sababu nilitaka kuuliza habari za godoro.

Shangazi kasema godoro litabaki. Lakini lile sharti la zamani ameliongezea mkia: humu ndani, kabla sijasifia kitu chochote, niseme kwanza kama nimelipwa. Nikadhani anatania. Mezani nikasema maharage haya matamu. Vijiko vyote vikasimama hewani. Mwalimu, aliyekuwa mgeni wetu, akajigeuza na kiti chake.

"Sijalipwa," nikasema.

"Endelea," akasema Shangazi.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa mpya. Mtu mpya. Nimejifunza mengi wiki hii na nayaandika hapa ili nisisahau: useme mapema, useme wazi, useme pale msikilizaji anaposikia. Hata Msusi nimemsalimia vizuri leo. Akaniuliza kama nimelipwa.

Jambo moja tu dogo. Asubuhi Shangazi alikuwa anachukua vipimo vya Msusi, akaniomba kalamu. Nikampa hii. Ilivyo bora, nikamwambia, inateleza kama sabuni. Akaandika "ki" ya kiuno, ikakwama. Akaiandika tena. Akaisugua hadi karatasi ikatoboka. Akauliza, taratibu kama juzi: kalamu hii unayoisifia hivi, umelipwa?

Nikasema hapana.

Ni kweli! Sikulipwa. Nilipewa. Duka la vifaa vya ofisi walinipa boksi zima, kwa sharti niwaonyeshe watu mkono wangu ukiandika shajara, na humo humo niisifie, ionekane imenitoka moyoni. Nani kasema kupewa ni kulipwa? Dada wa Mikataba, na yeye ni wa mito. Kalamu si mto.

Hata hivyo mimi si mtu wa kuficha. Natangaza, tena waziwazi, hapa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, pembeni, palipokunjwa:

*Kalamu iliyosifiwa humu nilipewa bure ili niisifie. Tangazo hili nimeliandika kwa penseli, kama kila kitu nilichoandika tangu Jumatano, kalamu ilipokauka.*